Mtutu ukipata moto risasi zahama: ni joto, ni mbao ama ni mimi?

Mwana_Silversands (Malindi)

Asalaam aleikum wadau, poleni na mvua hii isiyotaka kwisha. Nina swali kwa wale wanaolenga shabaha ama waliowahi kushika bunduki kikazi. Nna raifo ya boliti (komeo la kuvuta kwa mkono), ya risasi za .308, kitako cha mbao ya wolnati na mtutu mwembamba ule wa kiwindaji, nilimnunulia mzee mmoja wa Nanyuki, makaratasi yote yamepita kwa leseni kama inavotakikana. Kule kwake tuliijaribu mbele yangu ikawa inapiga vizuri sana, na hata mimi nilipoileta huku wakati wa kaskazi sikuona shida.

Sasa tangu masika iingie mambo yamegeuka. Nikifika renji risasi tatu za kwanza zaingia karibu tundu moja, furaha tele, alafu kuanzia ya nne ya tano hivi zaanza kupanda na kwenda kushoto, kidogo kidogo, nikifika ya kumi niko kama sentimita 6 mbali na pale nilipoanzia na hiyo ni mita 100 tu. Nikiiacha ipoe nikale mahamri nikirudi ni pale pale pa mwanzo. Jamaa mmoja pale renji akanambia "mtutu umekufa huo, kila ukipiga ukiwa moto waumaliza", mwengine akasema nifunge taulo ya maji, mwengine akasema shida ni bega langu limechoka. Sasa nimsikize nani? Na je, ni kweli joto laweza kuharibu mtutu haraka hivo ama ni maneno ya barazani?

Kadzo_Msabaha

😂😂 kaka wewe piga polepole tu, wamkimbiza nani hapo? Paa wamepigwa marufuku kuwindwa tangu 1977.

FundiKerezo (Malindi)

Wa aleikum salaam. Mimi si mtu wa bunduki sana, kazi yangu ni mashine ya kukereza, shafti za mashua na vitu kama hivo, lakini nimewahi kuletewa mitutu na wenye leseni kukatwa nyuzi za skrubu kwa hivyo chuma nakijua, na chuma hakina siri.

Kwanza tuelewane joto latoka wapi. Risasi ya .308 ina baruti kama gramu 3 hivi. Ile nguvu yote ya baruti, theluthi hivi ndo inayokisukuma kichwa cha risasi, zilizobaki ni moto, sehemu yake yatoka mdomoni na gesi na sehemu yaingia kwenye chuma. Kwa hesabu ya haraka haraka mtutu mwembamba wa kilo moja na nusu wapanda kama digrii 3 mpaka 4 kwa kila risasi ukipiga bila kupumzika. Sasa piga ishirini mfululizo hapa kwetu ambapo hata kabla hujaanza chuma kiko digrii 30 na kitu, utaona wafika karibu na maji ya kuchemka. Huo ni wastani, kule nyuma karibu na chemba (pale risasi inapokaa) ni moto zaidi na mdomoni kidogo.

Sasa chuma kikipata moto chatanuka, hiyo kila mtu yuwajua. Mtutu wa sentimita 60 ukipanda digrii 100 waongezeka urefu kama milimita 0.7. Kurefuka peke yake si shida, ungerefuka ulivonyooka risasi zingebaki pale pale. Shida ni kwamba haunyooki. Mtutu una mambo mawili yafichika: moja, tundu halikupita katikati kabisa kwa hivyo upande mmoja ukuta ni mnene kuliko mwengine, na mbili, chuma kilipotobolewa na kuchongwa mifuo yake (ile mistari ya ndani inayoizungusha risasi) kwa kugongwa ama kwa kusukumiwa kile chuma kigumu kinachokandamiza mifuo, kimebaki na mkazo ndani yake. Viwanda vizuri hukipasha moto kwenye tanuri taratibu kuutoa huo mkazo, vyengine hufanya nusu nusu, na vyengine huunyoosha mtutu kwa kuupinda, ndo wanauongezea mkazo tena. Ukipata moto ule mkazo waamka na mtutu wapinda kuelekea upande wake, na kila ukipata moto wapinda upande ule ule.

Na usidhani ni kupinda kwa kuonekana. Sentimita 6 kwenye mita 100, ukirudisha hesabu mpaka kwenye mdomo wa mtutu wa sentimita 60, ni kama theluthi ya milimita tu. Karatasi tatu nne za daftari ukizibana pamoja. Jicho halioni.

LAKINI (na hapa ndo nataka usome polepole) mimi sidhani kwako ni mkazo. Ungekuwa mkazo ingefanya hivo hivo Nanyuki na ingefanya hivo hivo wakati wa kaskazi. Wewe mwenyewe umesema mambo yamegeuka na masika. Kilichobadilika si chuma, ni MBAO. Wolnati imetoka mahali pakavu imekuja kwa hewa yetu hii ambayo hata chumvi mezani yalia maji, imevimba. Chukua noti ya shilingi mia, ipitishe baina ya mtutu na mbao kuanzia mbele mpaka karibu na chemba. Ikikwama mahali, hapo ndo penye jawabu.

Mwana_Silversands

Fundi we acha tu, hiyo ya mbao sikuifikiria hata. Bunduki iko kabatini kwa kufuli, ntaijaribu na noti leo nikirudi. Ila bado nataka kujua ile ya kuuwa mtutu manake nimeshtuka.

AfandeMstaafu (Lamu)

Vijana salamu. Nilikuwa jeshini miaka mingi, nimestaafu nimerudi kwetu Amu nafuga mbuzi, lakini mambo ya mtutu wa moto nayajua kwa mikono, nilishapata malengelenge.

Mtutu hufa kweli, na joto ndilo linaloua zaidi kuliko kile kichwa cha risasi kusugua. Na haufi wote, hufia kooni, pale mbele tu ya chemba ambapo kichwa cha risasi huingia kwenye mifuo. Baruti ikiwaka gesi yake yafika digrii 2,500 na zaidi, na chuma chenyewe huyeyuka kwenye 1,500 kasoro kidogo, sasa utauliza mbona hakiyeyuki? Kwa sababu ule moto wakigusa chuma kwa muda mdogo mno, kama elfu moja ya sekunde, kisha umepita. Ngozi ya juu kabisa ya chuma ndani huungua kwa kipindi hicho kifupi, ikapoa, risasi nyengine yaja ikaungua, ikapoa, na kila mara yatanuka na kunywea. Mwisho wapata nyufa ndogo ndogo, ukiangalia kwa kamera ile ya kuingizwa ndani ya mtutu utaona pamepasuka vipande vipande kama tope la bwawa lililokauka. Vile vipande huanza kung'oka, gesi yapita kwenye nyufa yazidi kuzipanua, na lile koo lasogea mbele taratibu.

Sasa ndo uelewe kwa nini kupiga haraka kwaua zaidi. Ukipiga mtutu ukiwa baridi ule moto wa ndani wapata pa kwenda, wahamia kwenye chuma cha nje. Ukipiga nje kukiwa tayari moto hauna pa kukimbilia, ngozi ya ndani yaanzia juu na yapanda juu zaidi. Risasi ni ile ile, baruti ile ile, madhara si yale yale.

Na si habari mpya hii. Waingereza walikuwa na bunduki yaitwa Lee-Metford, mifuo yake ilikuwa ya duara duara isiyo na kina, iliundwa kwa baruti nyeusi. Walipoleta kodaiti yao, baruti yenye nitroglisarini nyingi iwakayo kwa moto mkali sana, ile mifuo ikaliwa haraka mno ikabidi 1895 wabadilishe wachonge mifuo ya pembe yenye kina, ndo ikawa Lee-Enfield. Hata baadaye ikabidi waipunguze ile nitroglisarini kutoka 58 kwa mia mpaka 30 kwa mia ili kodaiti isile mitutu. Hizo .303 hata huku kwetu zilikuweko kwa walinzi wa akiba, wazee wazikumbuka.

Bunduki za mashine ndo kabisa. Vickers ilikuwa na koti la maji kama lita 4, ukipiga mfululizo kama dakika tatu maji yachemka, mvuke watolewa kwa bomba mpaka kwenye mkebe ili maji yasipotee na adui asione moshi. Bren ikaja na mtutu wa akiba, wa kwanza ukiwa moto wautoa kwa mshikio wake wapachika mwengine. MG 42 ya Wajerumani ilikuwa yapiga mbio hata kubadilisha mtutu ikawa ni kazi ya kila baada ya mikanda michache. Yani dunia nzima ishajua hakuna dawa ya joto ila kuusubiri mtutu upoe ama kuuweka kando.

Sasa wewe na .308 yako ya kulenga karatasi usiogope. Mtutu wa .308 ukitunzwa wapiga risasi 5,000 na zaidi kabla shabaha haijaanza kupotea.

Mpagazi_wa_Pori (Tanzania, kwetu Mambrui)

Shikamoo Afande. Mimi nafanya kazi na kampuni ya uwindaji huku Tanzania kwa hivyo bunduki za wageni nazishika kila msimu, naongezea hapo kwa umri wa mtutu. Si sawa kwa kila risasi. Siri ni baruti kiasi gani yapita kwenye tundu dogo kiasi gani. .308 ni mpole, baruti wastani na tundu pana. 6.5 Creedmoor ambayo wageni wengi wanakuja nayo siku hizi ni kama risasi 2,000 mpaka 3,000, na .300 Winchester Magnum ambayo yala baruti kupita kiasi kwa tundu lile lile la .308, watu wanaolenga kwa makini huanza kulalamika kwenye 1,500 au 2,000 hivi. Na hiyo ni kwa mtu mwenye subira, mwenye pupa hafiki.

Lakini kwa mwindaji hesabu ni nyengine kabisa, na hapa ndo wageni huchanganyikiwa. Mnyama hupigwa na risasi ya kwanza, mtutu baridi. Sasa mtu yuwaja kambini siku ya kujaribu bunduki, anapiga mbio mbio kumi, mtutu unafuka, alafu akiona zimehama anaanza kuzungusha vifundo vya skopu (darubini ya bunduki) aifuate ile ya moto! Kesho asubuhi porini mtutu baridi risasi yaenda upande wa pili. Skopu irekebishwe kwa mtutu baridi, piga moja ama mbili, weka boliti wazi, kunywa chai, rudi.

Jengine: usiache risasi ikae ndani ya chemba iliyo moto huku wewe watafuta shabaha. Ganda la shaba nyeupe ama ya manjano lapitisha joto vizuri sana, baruti ndani yapata moto, ikipigwa yasukuma kwa nguvu zaidi. Baruti ambazo si za kustahimili joto huongeza mwendo kama nusu mita kwa sekunde kwa kila digrii moja, na kuna zile zilizotengenezwa maalum ambazo hazibadiliki sana. Ndo maana wengine risasi zao zapanda, si mtutu kupinda, ni baruti imeiva. Kwa mita 100 hutaiona lakini kwa 300 ni sentimita mbili tatu. Na mtu wa Malindi aliyeacha boksi la risasi kwenye dashibodi ya gari juani hata hahitaji mtutu wa moto, ameshazipika kabla hajafika.

FundiKerezo

@Mpagazi_wa_Pori hiyo ya dashibodi 👏👏 niliona mtu yuwafanya na anashangaa.

Bi_Mkunumbi

Mimi napiga .22 tu, risasi ndogo, kwa hivyo mitutu yangu haijui moto wala shida, baruti yenyewe ni kidogo sana na mtutu wa .22 wapiga makumi ya maelfu ya risasi bado wauliza kuna nyengine, lakini nataka kusema kitu ambacho wanaume mmekiruka wote.

MAZIGAZI. Mtutu ukiwa moto hewa iliyo juu yake yapanda, na skopu iko juu yake hapo hapo, wewe waangalia shabaha kupitia ile hewa inayotetemeka. Shabaha yaonekana imepanda ama yacheza cheza, nawe waifuata. Mtutu haukupinda, jicho lako ndo limedanganywa. Hasa hasa mahali ambapo hakuna upepo, ukiwa umefunikwa na ukuta wa renji, hewa ile yasimama pale pale mbele ya lenzi. Kukiwa na kusi inapiga kutoka ubavuni yaondoka yenyewe. Wenzetu huvuta utepe mpana wa kitambaa juu ya mtutu kutoka mbele ya skopu mpaka karibu na mdomo ili hewa ya moto itokee ubavuni, na ni kitu cha bei ya kipande cha kanga, hata kufungwa na raba kwafaa.

Kwa hivyo kaka Silversands zikipanda ni moja na zikienda kushoto ni nyengine. Usizitie kwenye kapu moja.

Mwana_Silversands

Dada umenifungua macho, kweli pale renji nakaa kwenye banda na hakuna upepo kabisa. Na kila nikipiga naona ile duara nyeusi yatetemeka nikadhani ni macho.

Haya na ile ya taulo ya maji? Nani yuko na nani hayuko?

AfandeMstaafu

Siko. Tulikatazwa kabisa. Chuma cha moto na maji baridi hakipatani.

FundiKerezo

Afande kwa heshima zote hapo ntakupinga kidogo. Ule mtutu wake ukiwa moto sana ni digrii mia na kitu. Chuma hiki cha kromu na molibdenamu ili kibadilike ugumu wake lazima kipite digrii 500 na kuendelea, na kukifanya kiwe kigumu cha kuvunjika kwa kutiwa majini lazima kwanza kiwe chekundu, juu ya 800. Kwa hivyo taulo mbichi juu ya mtutu wa digrii mia haifanyi kitu kwa chuma, yaenda kuvuta joto tu. Bunduki ya mashine iliyopigwa mikanda mpaka mtutu waanza kuwaka mwekundu usiku hiyo ni hadithi nyengine na hapo nakubaliana nawe usiimwagie maji.

Mimi shida yangu na taulo si moto, ni MAJI YENYEWE. Maji ya visima vyetu huku yana chumvi, ukiyapaka kwenye chuma chenye joto yakauka mara moja na chumvi yabaki, kesho yake una kutu nyekundu chini ya mbao pahala usipopaona. Na yakiingia kwa mdomo wa mtutu ama kwenye chemba ukapiga hivo hivo hiyo sasa ni hatari ya kweli, mtutu wenye maji ndani waweza kuvimba ama kupasuka. Akitaka taulo basi maji ya mvua ama ya chupa, nje tu, mdomo umezibwa na boliti iko wazi, alafu apanguse na apake mafuta, na kabla ya kupiga aangalie ndani ya tundu kama ni kavu.

Lakini kwa nini ujitaabishe? Fungua boliti, isimamishe bunduki mdomo juu, ile hewa ya moto yatoka juu yenyewe na ya baridi yaingia kwa chini kwenye chemba, mtutu wapoa kutoka ndani ambapo ndo penye ugonjwa. Kama kuna feni ndogo ya betri ya kupuliza kwenye chemba ndo vizuri zaidi.

AfandeMstaafu

Haya fundi nimekuelewa, ya chumvi ni kweli. Sisi amri ilikuwa moja kwa wote kwa sababu askari mia huwezi kumweleza kila mmoja digrii. Mtu alikuwa akimwaga maji pahala popote.

Kadzo_Msabaha

Afande hivi na ile mizinga ya zamani ya ngome hapo Lamu na Fort Jesus, nayo ilikuwa yapata moto?

AfandeMstaafu

Sana. Kila ikipigwa walisukuma ndani mti wenye sponji ya maji, si kwa kupoza tu, ni kuzima cheche zilizobaki ndani kabla ya kutia baruti nyengine, la sivyo anayeisukuma ile baruti yuwaipata usoni. Pale Fort Jesus kuna mzinga wa meli ya Kijerumani, ile Königsberg iliyozamishwa Rufiji 1915, wa sentimita 10.5, huo wafunguliwa nyuma na kujazwa kwa nyuma, ukienda Mombasa ukautazame ndani ya mdomo utaona mifuo yake. Ni ile ile ya bunduki yako ila kubwa.

Mpagazi_wa_Pori

Silversands mbona kimya, noti imepita?

Mwana_Silversands

Haya wadau, noti HAIKUPITA. Yateleza vizuri kutoka kwa chemba kuja mbele, ikibaki vidole vitatu kufika mwisho wa mbao yakwama upande wa kulia na chini, imekwama ngumu hata nikiivuta yataka kuchanika. Nikalegeza skrubu za kitako nikatoa chuma chote, ndani ya ule mfereji wa mbao hakuna vanishi hata tone, ni mbao tupu, nje imepigwa rangi yang'aa ndani hakuna kitu. Na pale penye kukwama pana alama nyeusi ya mtutu umesugua.

FundiKerezo

Si nilikwambia! Hiyo ndo kazi ya viwanda vingi, nje wapaka ndani waacha, na unyevu waingia hapo hapo. Sasa angalia hadithi yote imekamilika. Mbao yasukuma mtutu kutoka kulia na chini, kwa hivyo mtutu waelekea kushoto na juu. Ukiwa baridi mguso ni mdogo na ni ule ule kila risasi, ndo maana tatu za kwanza zaingia pamoja. Ukipata moto mtutu wanenepa na kurefuka, mguso wazidi, msukumo wazidi, nazo zahama kidogo kidogo. Nanyuki pakavu mbao ilikuwa haigusi kabisa.

Dawa: kata kipande cha bomba ama mti wa duara uliopungua kidogo kuliko ule mfereji, uzungushie msasa, sugua pale palipokwama tu mpaka noti ipite imekunjwa mara mbili. Usiwe na haraka, mbao hairudi. Alafu ndani kote pake vanishi, mikono miwili mitatu, iache ikauke kabisa kati ya mkono na mkono, na chini ya kibao cha mpira kwa nyuma pia, watu wengi husahau pale na mbao yanywa maji kwa nyuma. Kama wataka uhakika zaidi kuna wanaolaza lile bodi la chuma kwenye epoksi ili likae bila kucheza, lakini hilo lataka mtu aliyewahi kulifanya, epoksi ikiingia mahali siko chuma na mbao havitoki tena.

Na skrubu ukizirudisha kaza zote mbili kwa nguvu ile ile, si moja mpaka mwisho alafu nyengine nusu.

Bi_Mkunumbi

Na ukipumzisha bunduki kwenye mfuko wa mchanga usiweke mfuko pale mwisho kabisa wa mbao, weka karibu na magazini (kisanduku cha risasi). Kitako chembamba cha mbao chapinda kwa uzito, hata cha plastiki chepesi kile cha bei rahisi ndo kabisa chapinda, ukaanza tena kugusa mtutu ukadhani vanishi imekudanganya.

Mpagazi_wa_Pori

Hapo kwa plastiki dada nakuunga mkono. Watu hukimbia mbao kwa sababu ya unyevu wakanunua plastiki laini, ikawa yaleyale. Cha faiba ngumu ndo hakijali mvua wala mfuko.

Mwana_Silversands

Nimerudi. Nimesugua, nimepaka, nimekaza. Renji jana upepo wa kusi ulikuwa mzuri, nikavuta utepe wa kitambaa kama alivosema dada. Zile za kushoto zimeisha kabisa. Bado mtutu ukiwa moto sana zapanuka kidogo lakini ni kidogo sana na hazina upande, nadhani hapo ndo ni mtutu mwembamba tu na mimi mwenyewe.

Sasa nimejiwekea mtindo, nikishika mtutu karibu na chemba nikashindwa kuvumilia sekunde tano naacha, nafungua boliti naiegemeza juu. Jamaa wa "mtutu umekufa" nimemuonesha karatasi akanyamaza.

Ila kuna kingine kimejitokeza, risasi ya kwanza kabisa ya siku, yani mtutu baridi umetoka kabatini, hiyo yaenda peke yake juu kidogo, alafu ya pili na kuendelea ndo zakaa pamoja. Hii nayo ni joto?

AfandeMstaafu

Wapaka mafuta ndani ya mtutu ukiweka kabatini?

Mwana_Silversands

Ndio Afande, mengi, kwa sababu ya kutu ya bahari.

Mpagazi_wa_Pori

Ndo hayo. Risasi ya kwanza yapita kwenye mafuta, ya pili yapita kwenye mtutu mkavu. Endelea kupaka, huku pwani usipopaka utajuta, lakini asubuhi kabla ya kupiga pitisha kitambaa kikavu mpaka kitoke kisafi, na chemba pia uikaushe vizuri. Mafuta kwenye chemba ni mabaya zaidi ya yale ya kwenye mtutu, ganda halishiki ukuta wa chemba, larudi nyuma lote na boliti ndo yabeba kishindo.